Bénite alikatala kuendelesha ile damu

Nadège, sikia mambo muuguzi wetu Bénite alifanya leo asubui mu urgences ya hospitali. Mpaka sasa siamini!

Balileta Mama Kavira wa Mangina. Waasi balimupiga risasi ya paja mu shamba, damu ilimutoka mingi sana. Docteur akasema bamuongezee damu mbio.

Dakika tano tu, mama akaanza kutetemeka: « Mugongo! Mugongo inaniuma! » Bénite akafunga ile damu palepale.

Docteur akawaka: « Fungula! Ni baridi tu! »

Bénite: « Hapana. »

Mbele ya batu bote, Nadège! Hapana!

« Wewe ni infirmière ao docteur? »

« Infirmière. Njo maana niko karibu na mugonjwa. Soma poche ya damu, docteur. »

Akasoma. Poche ilikuwa groupe A, na mama ni O. Balikuwa bamechanganya poche mbili!

Bakamuwekea maji ya serum mu mushipa, kisha damu yenye inamufaa. Saa kumi mama akaomba uji.

Sasa docteur anataka Bénite aandike barua ya kuomba pardon, ati alimupatisha haya. Bénite akakamata bic, akaandika saa alifunga damu, groupe zote mbili, na jina ya docteur mwenye alisema afungule. Akatia signature, akamupa:

« Barua yangu njo hii. »