Kuhesabu Kuanzia Mkiani

Jumatatu, 3 Juni
Miaka minne na miezi miwili tangu nitoke nyumbani. Niliaga kwa miezi sita.

Leo nyapara ametukusanya yadi, pale tunapopakia treni za mizigo. Kreni mpya inakuja. Vibarua wote mwisho wetu tarehe thelathini. Ametupa pole. Kisha akasema turudi kazini, mabehewa hayajipakii.

Kuna nafasi moja ya kudumu: mpangaji wa mabehewa. Nyumba ya kazi, vyumba viwili, ruhusa ya kuleta familia. Usaili Alhamisi ya wiki ijayo. Nimejaza fomu. Penye elimu nimeandika darasa la sita. Karani akauliza, la saba je? Nikamwambia la saba lilinipita. Akagonga muhuri.

Jumatano, 5 Juni
Mwenzangu wa chumba ni fundi breki, tunamwita Profesa. Atanifundisha. Ameshindwa usaili huu mara tatu, kwa hiyo maswali yote anayajua. Majibu ndiyo hana hakika nayo.

"Watakuuliza udhaifu wako," kasema. "Sema unapenda kazi kupita kiasi."

Nikamwambia udhaifu wangu ni mgongo.

"Ufiche huo, ndugu yangu! Mgongo ndio wanaouajiri."

Jumapili, 9 Juni
Kitabu cha kanuni kina kurasa mia mbili. Nimesoma kumi na moja. Kinasema behewa likisimama, kaza breki ya mkono, kisha weka kabari chini ya gurudumu. Sisi huanza na kabari. Breki baadaye — tukikumbuka.

Mke wangu kapiga simu. Nikampa habari ya vyumba viwili. Akauliza: "Baba watoto, vina madirisha?" Sijui. Naandika hapa nisisahau kuuliza.

Binti yetu akachukua simu. Nilimwacha ananyonya. "Shikamoo. Wewe ndiye baba wa kwenye simu?" Nikasema ndiyo, huyo huyo. Akaniambia jino limeng'oka, akaenda kucheza.

Jumatano, 12 Juni
Shati la Profesa. Linanikaba. Viatu ni vyangu vya kazi, nimevipaka mafuta ya kupikia. Vinang'aa. Paka wa jirani ananifuata.

Alhamisi, 13 Juni
Usaili. Meza ndefu, watu watatu. Mkuu wao mama mmoja mtu mzima, miwani kwenye kamba. Shikamoo yangu ilitoka kwa sauti ya yadi. Wote wakashtuka.

Udhaifu wangu? Napenda kazi kupita kiasi.

"Kuna fundi breki hutuambia hivyo kila mwaka," mama akasema.

Wakanipeleka njia ya tatu. Treni ya mabehewa ishirini na nne. Nikague yote, niandike orodha, kila behewa na mzigo wake na kasoro yake. Nikaandika taratibu, mwandiko mzuri. Namba moja: breki ya mkono imelegea.

Mama akachukua karatasi, akaenda kichwani mwa treni. Akarudi. "Namba moja ni nzima kabisa."

Hapo nikaelewa. Miaka minne! Lango la mbele ni la wafanyakazi wa kudumu. Sisi vibarua tunaingia kwa lango la nyuma, kwa hiyo treni tunaihesabu kuanzia mkiani. Orodha yangu yote ilikuwa kinyumenyume.

"Kwa orodha hii," akasema mkaguzi mwembamba, "petroli ingeshushwa kiwanda cha unga."

"Na unga kituo cha mafuta," nikamalizia. Sijui kwa nini. Nikaongeza: "Mama, anzeni mkiani. Mengine yote ni sahihi."

Hakuna aliyecheka. Mama akatembea peke yake mpaka mkiani. Aliporudi viganja vilikuwa vyeusi kwa grisi. "Breki kweli imelegea. Nani aliyelipitisha behewa hili asubuhi?"

Yule mwembamba akaangalia saa yake.

Nikaambiwa nisubiri simu.

Ijumaa, 14 Juni
Hakuna simu.

Jumamosi, 15 Juni
Hakuna. Profesa kataka shati lake.

Jumatatu, 17 Juni
Karani kapiga. Nirudi kesho saa mbili asubuhi, nikague treni upya. Niingie kwa lango la mbele. Nikauliza, ina maana nimepata? Akasema yeye katumwa kusema lango tu.

Profesa ameketi kitandani anafikiri. Mara zote tatu yeye hakuambiwa lango. Shati amenirudishia.

Nimempigia mke wangu. Nikipata, likizo ya kuja kuwachukua ni Disemba. Nikikosa, tarehe mbili Julai niko mlangoni na begi langu. Akasema: "Mwambie mwanao mwenyewe. Mimi nimechoka kumhesabia miezi."

Nikamwambia. Julai au Disemba.

"Ipi iko karibu?"

"Julai."

"Basi njoo Julai."

Nikasema haya.