Singa za Bi Harusi

Zizini, Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwako, kwa shemeji, na kwa majirani wote wanaohusika, kwamba tangu wiki iliyopita sina tena masharubu. Upande wa kushoto uliliwa na farasi aliyedhani ni majani makavu, na upande wa kulia nikaunyoa mwenyewe ili kuleta usawa. Tangazo hili lisomwe kwa sauti, watu wote wakiwa wamekaa.

Baada ya hilo, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, mguu wako umeacha kuvimba, na shemeji bado anabishana na redio. Mimi ni mzima wa mwili. Usiniulize zaidi ya hapo, maana barua nzima hii ndiyo jibu la zaidi ya hapo.

Barua yako nimeipata. Unasema mwanao amerudi nyumbani na sanduku lake na tandiko lake, chakula anakigusa tu, na kutwa nzima anakaa uani akiutazama ukuta kana kwamba ukuta unataka kutoroka. Unasema umemwambia ni mvivu, kwamba kazi kaiacha kwa kiburi, na kwamba binti aliyetafutiwa kazi na mjomba wake hana haki ya kumwaibisha mjomba huyo. Dada, maneno hayo ya mwisho niliyasoma nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta ndoo nikakaa. Nakuomba usimseme tena mpaka umalize kusoma. Nitaanza mwanzo kabisa, maana wewe zizini hujawahi kuingia, unadai harufu inakufuata mpaka ndotoni.

Mwanao alikuwa akimpanda mbioni farasi jike mmoja wa rangi ya kahawia, ambaye tulimwita Bi Harusi kwa sababu hakuna siku aliyotoka kwa wakati. Geti likifunguliwa wenzake wanachomoka, yeye anasimama kwanza kama mtu anayetafuta kiatu cha pili. Lakini kwenye mbio ndefu, wenzake wakianza kuhema, ndipo yeye anapokumbuka alichokuja kufanya. Mwanao alimjua. Hakumchapa hata mara moja. Alikuwa akimlalia shingoni, anamwimbia kitu puani, na Bi Harusi anawapita mmoja mmoja bila haraka, kama mama mwenye adabu anayepita akiwasalimu majirani. Mara nyingi alifika wa kwanza, na alipofika alionekana kushangaa kwamba kulikuwa na mashindano.

Tajiri wetu anaamini damu. Kila farasi hapa ana ukoo wake umebandikwa mlangoni, baba, babu, bibi mzaa mama, wakati mimi na wewe hatujui hata babu yetu alizaliwa wapi. Yeye mwenyewe ana wana watatu wa kiume, na hakuna hata mmoja anayeweza kuamka kabla ya saa nne, lakini imani yake haijatikisika.

Mwaka huu akasikia habari za vinasaba. Akamwita daktari wa mifugo, akatukusanya sote tuelezwe. Daktari akasema kuna kinasaba kimoja kinachohusika na ukuaji wa misuli ya farasi, na kila mtoto hurithi nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Zikikutana mbili za aina ya kwanza, farasi hujaa misuli mapema, na mbio fupi ndizo zake. Zikikutana mbili za aina ya pili, huyo ni wa mbio ndefu. Zikichanganyika, yuko katikati. Ni kama mimi na wewe: mimi nilichukua pua kwa baba na masikio kwa mama, na wewe ukachukua mdomo kwa wote wawili. Daktari akaongeza kwamba huo ni utabiri tu, kama wa mvua, na kwamba mapafu, moyo, mazoezi, malezi na akili ya farasi mwenyewe vyote vina sehemu yao. Hayo ya mwisho aliyasema akiwa amekwisha kuwasha gari, kwa hiyo hakuna aliyeyasikia isipokuwa mimi niliyemfungulia lango.

Hapo ndipo nilipoharibika. Unaujua ugonjwa wangu wa kusoma. Nilisoma kila kilichopatikana juu ya vinasaba, na nisichokielewa nilikikariri. Nikaanza kuwafundisha wafagia mazizi, dereva wa lori la nyasi, hata wageni waliokuja kuuliza choo kiko wapi. Wakanibatiza Profesa. Fundi wa kwato akawa ananiuliza kila asubuhi mbele ya watu kama profesa anaweza kusitisha mhadhara kidogo amshikie farasi mguu. Wanacheka, nami nacheka, lakini moyoni jina lilikuwa limekwisha kuninogea. Siku tajiri aliponiita hivyo mbele ya wageni wake, nilitembea mpaka kwenye bomba la maji nikajitazama kwenye beseni.

Majibu ya Bi Harusi yakaja: nakala mbili za aina ya kwanza. Mbio fupi. Tajiri alipiga mkono mezani akasema kumbe miaka yote hii tumekuwa tukimtuma mkuki kazi ya jembe. Kocha, ambaye hajawahi kupinga neno la tajiri tangu waanze kusalimiana, akabadilisha kila kitu siku ileile. Matembezi marefu ya alfajiri yakafutwa. Ikawa ni kukurupushwa, shoti fupi, kupumzishwa, kukurupushwa tena. Bi Harusi akaanza kutoa jasho kabla hajatolewa bandani, na chakula akawa anakisogeza kwa pua tu.

Mwanao hakunyamaza. Alimwambia kocha kwamba miguu haijui kusoma, na kwamba farasi huyu akiharakishwa anafunga moyo. Kocha akamjibu kwamba yeye analipwa kukaa juu, kufikiri kuna wenyewe, akaninyooshea kidole mimi. Jioni mwanao alinifuata jikoni, akaniuliza kama kweli vinasaba ndio mwisho wa maneno. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia aliyoyasema daktari langoni. Badala yake nikampa somo refu lenye mifano, mpaka akaniambia chai yangu imepoa, akaenda kulala.

Siku ya mbio fupi uwanja ulijaa, na tajiri alileta wageni wamevaa kofia. Geti likafunguka. Bi Harusi akatafuta kiatu chake kama kawaida. Alipokipata, wenzake walikuwa wamefika. Ila hakusimama, dada. Mwanao alimwachia hatamu, na baada ya mstari wa mwisho, mbio zimekwisha, watu wameanza kukunja viti, akampita wa tano, akampita wa tatu, akampita na mshindi aliyekuwa anapigwa picha, akazunguka uwanja mzima peke yake, shingo imenyooka, mwanao kamlalia. Watu walicheka sana. Mimi sikucheka. Lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyoyaona kazini humu, nami nilijifanya napanga ndoo.

Aliporudi, vumbi mpaka kwenye kope, alishuka mbele ya tajiri na wageni wake, akasema kwa sauti kwamba karatasi ile haiwezi kuwa ya farasi huyu. Tajiri akasema binti ana mdomo. Mgeni mmoja akacheka. Ndipo mwanao akanigeukia akasema, “Mjomba, sema.” Maneno mawili tu. Watu wote wakamgeukia profesa. Nami nikasema kwamba sayansi haina upendeleo, na kwamba mpanda farasi mzuri ni yule anayejua kukubali matokeo. Kocha akapiga makofi. Mwanao akanitazama kama unavyonitazama wewe nikivunja kitu chako, akavua glavu, akaniwekea mkononi. Kabla ya jua kuzama tajiri alikuwa amemfukuza, na kabla ya wiki kwisha Bi Harusi akauzwa.

Kwa hiyo kazi hakuiacha, dada. Alifukuzwa kwa sababu ya kumtetea farasi, na mjomba wake alikuwa karibu kiasi cha kumgusa.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi, ambalo yeye mwenyewe halijui. Siku ya kuchukua vipimo daktari alikuwa na haraka. Aliniachia bahasha akaniagiza ning'oe mashada madogo ya singa shingoni mwa Bi Harusi, na mizizi yake, kwa kuwa vipimo hufanywa kwenye mzizi. Bi Harusi hapendi kuguswa singa asubuhi. Anauma, na haumi kwa mzaha. Kwenye banda la jirani yupo Sajenti, naye ni wa kahawia, farasi ambaye ukimpa zaidi ya mbio fupi anataka kulala njiani. Nilikuwa nimetoka kumpunguza singa kwa kuzing'oa, kama tufanyavyo kila mwezi, na chanuo lilikuwa limejaa. Nikasema moyoni singa ni singa. Nikatia za Sajenti kwenye bahasha, nikaandika Bi Harusi, nikaenda kunywa chai. Wakati ule sikujua bado uzito wa jambo. Majibu yalipokuja nilijua papo hapo. Lakini profesa atasimamaje mbele ya watu aseme ameshindwa kung'oa unywele?

Mwanao alipoondoka sikupata raha. Nilikwenda kwa daktari nikamweleza yote. Hakunikaripia, aliniuliza tu kama Bi Harusi anauma sana. Kisha nikaenda kwa tajiri, nikatubu nikiwa nimeshika kofia. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Akasema nikachukue singa za kweli, zipimwe upya. Majibu yakitofautiana, atamrudisha mwanao kazini na kumwomba radhi mbele ya wote, na Bi Harusi atamrejesha kwa gharama yoyote. Yakiwa yaleyale, basi binti alimtukana bure, na nisilitaje jambo hilo tena maadamu nakula kwake.

Nilisafiri siku yangu ya mapumziko mpaka kule alikouzwa. Ni bustani ambako watoto hupandishwa farasi na kuzungushwa, kamba mkononi mwa msimamizi. Nilimkuta Bi Harusi akiwa wa mwisho kwenye mstari, juu yake mtoto wa watu analia kwamba farasi wake ni mzembe. Alinijua. Nilipoingiza mkono shingoni aliniuma begani, akaling'ang'ania shati, nami sikumzuia. Singa nimempa daktari mkononi mwake, na nilimwomba aandike jina yeye.

Basi, mwambie mwanao nimekuandikia. Akikataa kusikia jina langu, mwambie tu Bi Harusi ni mzima na bado anachelewa. Tandiko lake alipake mafuta, lisikauke, kwa sababu natumaini atalihitaji. Nawe mwombe radhi kwa yale uliyomwambia; mimi zamu yangu nitaifanya nikija, kama atanifungulia mlango. Msalimie shemeji, mwambie redio haimsikii. Wasalimie na watoto wa jirani, na yule bibi wa ghorofani anayekuuliza kila siku kama nimeoa.

Ni mimi mdogo wako,
wa mazizini

Jumanne. Nimelazimika kuifungua bahasha tena. Majibu ya pili yamefika leo asubuhi. Ni yaleyale: kwenye karatasi, Bi Harusi ni wa mbio fupi.