Jagi Mlangoni kwa Baba Mkwe

Jumanne, 4 Machi 2025
Tumerudi nyumbani Kwapa kutoka hospitali ya Tororo. Baba mkwe, Mzee Osinya, ametolewa vinyama utumboni kwa ule mpira wenye kamera – bila kupasuliwa! Nesi Apendi amenipa masharti. Uji na vyakula laini, pilipili hapana, pombe hapana, asibebe kitu kizito. Na kila akitoka chooni nimuulize kama ameona damu, maana kidonda kinaweza kuvuja hata baada ya siku nyingi.

Nimuulize! Mimi! Mkamwana wa Kiteso amuulize baba mkwe habari za choo? Hata chumba chake sijawahi kukanyaga, ni mwiko. Mume wangu Emoit yuko ziwani Majanji kwenye samaki, mama mkwe tulishamzika. Nimebaki mimi, Mama Joan. Basi nitamuuguza.

Jumatano, 5 Machi
Nimeuliza nikiwa nje, uso nimeuelekeza kwenye mihogo. "Baba, huko... hakuna shida?"

"Mimi iko muzima. Wewe nakwenda kupika."

Jioni, jibu lile lile. Angekuwa anakata roho angesema yuko mzima! Nimekasirika mpaka uji ukaungua.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata dawa ya aibu – jagi lake la maji. Nimemwambia nikiwa nyuma ya ukuta: kukiwa salama, lisimamishe mlangoni. Ukiona damu, lilaze. Hakuna kuongea.

Mle ndani akakohoa. Kikohozi cha kukubali, nakijua.

Ijumaa, 7 Machi
Limesimama! Jirani yetu Emuron alikuja kumwita kwenye chungu cha pombe ya ajon, mrija wake mkononi. Nikamzibia njia. Eti bibi za siku hizi zina kichwa ngumu. Ndiyo, ninacho. Pombe haitamkimbia mzee.

Jumapili, 9 Machi
Limesimama. Ameomba uji zaidi.

Jumatatu, 10 Machi
Tororo, hospitali. Naandika kwenye benchi.

Asubuhi jagi halikuwepo. Halikusimama, halikulala. Nikaita. Nikaita tena. Nikasimama kizingitini. Niliogopa kuingia, niliogopa zaidi kubaki nje. Nikaingia.

Alikuwa chini karibu na mlango, jagi mkononi, shuka imelowa damu. Maskini, alikuwa analileta! Akanifukuza, akisema ni mwiko. Nikamwambia anikasirikie kesho. Nikamfunika, nikapiga kelele, na Emuron yule yule akakimbia kutafuta gari.

Wamemtundikia maji na damu. Daktari anasema tumewahi, watapitisha mpira tena wafunge panapovuja. Lakini Nesi Apendi alitoka akisema mzee lazima avuliwe na kuoshwa kwanza, naye yuko peke yake leo. Hakuna mwanamume wa kwao amsaidie?

Nikatazama sakafu. Nikasema labda nimpigie Emoit.

Mle ndani, mlango ukiwa wazi, mzee akainua kichwa kitandani, akaninyooshea kidole mbele ya watu wote.

"Huyu," akasema. "Mama Joan naingia."

Nesi ameushikilia mlango, ananingoja.