Golikipa wa Jezi ya Kijani

Jumapili, 3 Novemba

Kadi kumi na mbili leo. Glavu, brashi laini ya vumbi, skana, bahasha. Mbele, nyuma, namba. Zimebaki ishirini na nane. Ammi Nasor, mwajiri wangu, kapita mara tatu kutazama kama nimepinda pembe. Sijapinda.

Ni wachezaji mpira wa Unguja wa miaka ya hamsini. Picha zilipigwa nyeusi na nyeupe, zikapakwa rangi kwa mkono, moja moja, kisha zikatiwa ndani ya pakiti za chai. Nyuma pana jina la mchezaji na jina la studio ya marehemu Mzee Khalfan, baba yake Ammi. Jina la mpakaji hakuna.

Mnunuzi ni Mmarekani anayekaa Maskati. Anakusanya kadi za zamani za besboli za kwao, zilizochorwa kwa mkono. Kaandika kwamba wengi wa wachoraji wale walikufa bila kujulikana, na kwamba nusu ya umri wake imekwisha akiwatafuta. Hizi zetu atazichukua kwa sharti moja: cheti cha asili chenye jina la aliyepaka.

Cheti nitaandika mimi. Nimesomea makumbusho. Ammi anapenda kulitaja hilo mbele ya wageni.

Jumatatu, 4 Novemba

Barua pepe ya Mmarekani. Katika picha nilizomtumia kaona magolikipa wote wanne wamevaa jezi ya rangi moja na wenzao. Anauliza kwa nini.

Nimemtazama wa timu ya kijani kwa lenzi. Kweli. Chini ya rangi ya kijani fulana ya golikipa ni nyeusi zaidi kuliko za wenzake. Ilikuwa fulana nyingine kabisa. Aliyepaka hakujua.

Nimemuuliza Ammi. Kasema ni mtindo wa zamani, nimwandikie hivyo. Nimemwandikia. Sikuamini. Kwa maneno ya Ammi mwenyewe, baba yake hakukosa mechi hata moja.

Jumatano, 6 Novemba

Hakuna jipya. Saa moja asubuhi garini, saa kumi garini tena. Nyumba yake ninamoishi Birkat al Mauz, ofisi yake ya vitu vya kale Nizwa, gari lake katikati. Tangu baba alipofariki yeye, jamaa wa baba wa kuumeni, ndiye walii wangu pia. Siku nikitaka kuolewa, yeye ndiye wa kusema ndiyo. Nikimkosea kazini nimemkosa kila mahali.

Mkewe, Bi Salma, kaniuliza kwa nini sili. Nikasema nimeshiba.

Ijumaa, 8 Novemba

Tumekwenda Ibra, kumwamkia Bibi Zuwena. Ni shangazi yake Ammi, dada wa Mzee Khalfan. Hakuzaa, na macho yake sasa hayaoni ila mwanga. Ammi alikuwa nje na wanaume. Ndani tulikuwa Bibi, Bi Salma na mimi.

Nilizitaja kadi kwa mazungumzo tu. Bibi akaweka kikombe chini.

"Golikipa kavaa nini?"

"Kijani, Bibi. Kama wenzake."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kosa langu hilo. Bado lipo?"

Akaeleza. Yeye na dada yake, Zuhura, wasichana wa kuwekwa ndani. Kaka yao akileta picha na rangi, akisema hawa kijani, hawa buluu, akaenda zake uwanjani. Kelele za mpira wakizisikia juu ya paa. Uwanja wenyewe hawajauona. Nani angewaambia kwamba mmoja katika kumi na moja huvaa rangi mbali na wenzake? Khalfan alipogundua, chai imeshafungwa na imeshauzwa. Hakusema nao wiki nzima.

"Zuhura akifanya nyuso. Miye nguo na magoti. Magoti ya watu wote wale, mwanangu, na mume sijamjua bado."

Bi Salma alificha uso kwa shela akicheka.

Kisha Bibi akaniuliza jina la nani litaandikwa. Nikasema bado. Akanishika mkono. Zuhura hakuacha mtoto, kasema, na yeye hana. Hawana pengine popote pa kuandikwa. "Andika sisi. Wewe ndiye mwenye kalamu."

Nikasema inshallah. Nilitaka kumwambia hapana, Ammi hatakubali.

Ijumaa hiyo hiyo, baada ya kurudi

Nilimweleza Ammi garini. Bora nisingesema. Alipunguza mwendo.

"Shangazi yangu hajapaka mapaja ya wanaume. Umesikia?"

"Mwenyewe kasema, Ammi."

"Mtu wa umri ule anasema mengi. Studio ya baba, kazi ya baba. Andika hivyo, utie sahihi yako na shahada yako. Khalas."

Bi Salma alikuwa kiti cha mbele. Alitazama dirishani mpaka nyumbani.

Jumapili, 10 Novemba

Nimeandika vyeti viwili. Kimoja cha Khalfan. Kimoja cha Zuwena na Zuhura, chenye maelezo ya jezi. Cha pili ni kizuri zaidi. Kinajibu swali la Mmarekani. Kila sentensi inasimama.

Saa sita Ammi akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Cha pili nilikifuta kabla hajafika kwenye meza. Mikono yangu ilifanya peke yake. Ninajichukia.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimefikiria kwenda Maskati. Kwa nani? Nimefikiria kumwandikia Mmarekani bila jina. Angejua ni mimi, na Ammi angejua. Nimefikiria kuugua. Nimepima joto, liko sawa.

Jumanne, 12 Novemba

Ammi kaweka karatasi mbele yangu, Kiingereza upande mmoja, Kiarabu upande wa pili. Kasimama. Kaagiza chai, moja yake, moja yangu. Kaongea kwa upole, akauliza kama bado nina nia ya kuendelea na masomo mwakani, kwa fedha zake. Hakumaliza. Hakuhitaji kumaliza.

Nimetia sahihi.

Chai niliinywa yote.

Jumatano, 13 Novemba

Mmarekani kaja. Mzee mrefu, mpole, kofia mkononi. Kazitazama kadi moja moja kwa saa mbili. Kwa golikipa wa kijani alikaa zaidi. Ammi alipotoka kupokea simu, mzee akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina uhakika na jina hilo.

Nikasema nina uhakika.

Kaniangalia. Kashukuru. Kaondoka na sanduku.

Kesho nitasafisha vyetezo vya kale vya udi.

Alhamisi, 14 Novemba

Bibi Zuwena kapiga simu, kwa mkono wa jirani. Kauliza kama cheti kimeandikwa. Nikasema ndiyo. Kauliza kama wameandikwa wao. Nikasema ndiyo. Kasema nije nacho kesho.

Ijumaa, 15 Novemba

Ibra. Wanawake saba chumbani, halwa katikati. Bibi alikuwa amevaa nguo ya Idi. Alikwishawaambia wote.

"Soma, mwanangu. Nao wasikie."

Nilikuwa na nakala mkobani. Niliilaza mapajani, upande wa Kiingereza juu, maana hawakijui, wa Kiarabu nikaukandamiza chini. Kisha nikasoma kwa Kiswahili kitu ambacho hakimo. Kwamba kadi arubaini zilipakwa rangi nyumbani na Zuwena na Zuhura, mabinti wa Said. Kwamba Zuhura alifanya nyuso, Zuwena nguo. Kwamba golikipa amevaa kijani kwa sababu waliompaka hawakuwahi kuuona uwanja.

Bibi alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja.

Bi Salma alikaa karibu yangu, birika la kahawa mkononi. Mkono wangu ulikuwa umelegea bila mimi kujua. Karatasi iligeuka. Aliusoma upande wa Kiarabu, mstari kwa mstari, mpaka chini kwenye sahihi yangu. Nilimwona akisoma. Nilingoja.

Alimimina kahawa kidogo, akanipa kikombe.

"Soma tena, Rahma," akasema. "Sikio langu hili zito."

Sikio lake si zito.

Nikasoma tena, polepole. Mara hii niliongeza na jina la mama yao.