Turbo Mbili na Klipu Moja

Jumamosi, Bura, saa sita kasoro. Wingu limekalia mlima, kibaridi kinauma masikio, na mimi nimefungiwa ndani ya gari.

Sio utani. Mwalimu Mwakio alishuka kwenda kwenye matanga ya binamu yake, akabonyeza remoti bila hata kugeuka, milango ikajifunga, mimi nikiwa nimekaa hapa kiti cha mbele. Nikifungua kutoka ndani, alamu italia. Najua, kwa sababu wiki iliyopita ililia pale sokoni Voi mpaka mama wa nyanya akaacha meza yake akakimbia. Nyumba ya matanga iko hatua ishirini tu, na saa hii watu wameinamisha vichwa wanaomba. Sitaki kukumbukwa Bura nzima kama yule jamaa aliyempigia marehemu king'ora.

Kwa hivyo naandika hapa kwenye blogu, kwa simu. Wasomaji wangu wote kumi na wanne, salamu. (Nawajua. Wawili ni mimi mwenyewe.)

Wacha niwaeleze kuhusu hii gari, maana ndiyo jela yangu. Ni zile ndogo zilizoinuka, mwili wa kuku lakini kifua cha jogoo. Injini ya petroli, lita mbili, silinda nne, turbo mbili. Mbili! Ukiniuliza Voi yote nani anaweza kukuelezea turbo mbili bila kuangalia simu, utaelekezwa kwangu. Form Two niliiacha ikinitafuta, lakini sikilizeni.

Moshi unaotoka kwenye injini, badala ya kupotea bure, unazungusha kipropela. Hicho kipropela kinazungusha kingine, ambacho kinasukuma hewa kwa nguvu irudi ndani ya injini. Hewa nyingi, petroli nyingi inawaka, gari inapaa. Turbo ya kwanza ni ndogo, inaamka mapema, ukigusa mafuta tu. Ya pili ni kubwa na mvivu, lakini ikishaamka kule juu injini ikizunguka kwa kasi, buda, shika kofia yako.

Watu huniuliza, sasa inadumu? Inadumu ukiiheshimu. Turbo inaiva kama jiko la makaa. Chuma chake cha katikati kinazunguka kikiwa kimeelea kwenye oili, kwa hivyo oili ya bei ya kutupa inaiua, na oili nzuri iliyochelewa kubadilishwa inaiua polepole. Ukimaliza kupanda mlima, usizime hapo hapo. Iache ingurume dakika mbili, oili izunguke itoe ule moto. Ukizima ghafla, oili inaungua mle ndani inakuwa masizi. Halafu turbo mbili maana yake paipu nyingi na klipu nyingi za kuzibana, na kila klipu ni mahali pengine pa kulegea. Basi. Hakuna uchawi.

Hakuna uchawi.

Hayo maneno mawili nimeshindwa kumwambia Mwalimu kwa miezi mitatu.

Mwalimu Mwakio alinifundisha hesabu nikiwa primary. Sasa amestaafu, anakaa Voi, ng'ambo ya barabara kutoka kwetu, na hii gari alinunuliwa na binti yake. Ililetwa kwa Fundi Salim, pale gereji ninapofanya kazi, ibadilishwe oili. Ilikuwa Ijumaa, Fundi akaenda msikitini. Mimi na mdomo wangu nikawaita vijana wa bodaboda, "Njooni muone kitu hamjawahi kuona tangu mzaliwe." Nikachomoa paipu ya turbo, nikawaonyesha kipropela kinavyozunguka ukikipuliza. Wakapiga kelele. Nilijiona profesa. Fundi akakaribia kurudi, nikarudisha paipu haraka, klipu nikaikaza kwa vidole.

Kwa vidole!

Jumatano iliyofuata Mwalimu aliniomba nimsindikize huku Bura kumwona dada yake mkubwa, ambaye siku hizi haamki kitandani. Katikati ya mlima tukasikia fyuuu, taa ya injini ikawaka, nguvu zikaisha. Lori la kabichi likatupita, na dereva akatupungia mkono kwa huruma. Mwalimu alikuwa anatokwa na jasho. Mimi nilishajua ni nini kabla hajaegesha.

Ningesema. Ilikuwa sentensi moja tu.

Badala yake nikafungua boneti, nikainua kidole, nikamwomba anyamaze. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni, macho nikafumba. Mafundi wa kweli husikiliza hivyo. Mimi nilikuwa nasikiliza moyo wangu ukidunda. Nikainama, nikazuia kwa mgongo asione, nikakaza ile klipu mizunguko mitatu. Gari ikapanda kama imetukanwa.

Mwalimu alinishika bega. "Kijana, wewe umezaliwa na kipaji."

Mnajua huyu ndiye aliyeandika kwenye ripoti yangu ya darasa la saba, "Anaongea kuliko anavyofikiri"? Mama bado anayo. Na leo ananiita kipaji. Basi nikalewa. Nikamwambia, "Hii injini, Mwalimu, inataka mtu anayejua lugha yake. Usiiendeshe bila mimi."

Akanitii. Hapo ndipo nilipojifungia, na ufunguo nikampa mwenyewe.

Tangu siku hiyo haendi popote bila mimi. Jumatano Bura, Jumapili kanisani, matanga, harusi, mpaka kunyolewa. Kila tukipanda mlima lazima nishuke, niweke bisibisi sikioni, nitikise kichwa kidaktari, yeye anangoja uamuzi. Ukoo mzima wamenizoea. Wananipa chai na kiti.

Tatizo ni kwamba Fundi Salim amenitafutia kazi kwenye gereji kubwa Changamwe, kule pwani. Gereji yenye mashine za kweli, mahali ambapo mtu kama mimi anaweza kujifunza hadi awe fundi, asibaki mdomo tu. Jana amenikumbusha, na Fundi hapayuki, anaongea taratibu mpaka unaogopa. "Mwanangu, nafasi haikungoji wewe. Jumatatu saa mbili asubuhi uwe pale. Usipofika, watampa mwingine, nami sitakuombea tena."

Nikienda bila kusema, gari italala chini ya turubai, na dada yake pale kitandani atangoja Jumatano ambayo haiji. Nikibaki, nitasikiliza bisibisi mpaka niote mvi. Na nikisema ukweli, kipaji kwisha.

Kuna bibi amepita na mzigo wa mboga, akasimama, akanichungulia kwenye kioo.

"We kijana, umefungiwa?"

"Nalinda gari, bibi."

"Haya. Mimi naona ni gari inakulinda wewe." Akaenda zake akicheka peke yake.

Mwalimu anatoka. Naacha hapa.

*

Voi, saa kumi na mbili kasoro, jua bado linachoma bati. Niko nyumbani. Naandika haraka kabla sijaanza kujitetea.

Tukiteremka, tulipofika pale lori la kabichi lilipotupita, nikamwomba Mwalimu aegeshe. Akashtuka. "Umesikia kitu?" Nikamwambia aache injini ikiwa inanguruma, ashuke. Nikafungua boneti nikampa bisibisi.

"Sikiliza, Mwalimu."

"Mimi?"

"Weka sikioni. Hivyo. Unasikia nini?"

Alisikiliza kwa bidii, masikini, macho ameyafumba kama nilivyokuwa nikifanya mimi. "Nasikia kelele tu."

"Hata mimi husikia hiyo hiyo."

Akafumbua macho. Nikamwonyesha klipu. Nikamwambia kila kitu: vijana wa bodaboda, vidole, mgongo wangu. Nilidhani nitaongea kwa ujanja, lakini sauti ilitoka kavu, na ilipoisha nikabaki naangalia viatu vyangu.

Hakunipiga. Hata hakupandisha sauti. Alisema, "Kila Jumatano nimekuwa nikimuaga dada yangu kana kwamba sitarudi. Nilidhani nimebeba kifo chini ya boneti."

Nikafunga boneti.

Akazima injini, lakini alingoja kwanza, nikaona midomo yake ikihesabu zile dakika mbili nilizomfundisha. Kisha akatoa daftari kwenye dashibodi. Mwalimu hata akistaafu daftari halimwachi. "Andika. Kila kitu hii gari inachotaka ili mzee aiendeshe peke yake. Na juu kabisa, andika ulichofanya."

Tangu niache shule sijawahi kujaza ukurasa kwa kalamu. Niliandikia juu ya boneti ya moto, nikiunguza viwiko, yeye amesimama nyuma yangu kama kwenye mtihani. Oili gani, ibadilishwe lini. Dakika mbili. Paipu ipi, klipu zipi, zikazwe na kifaa gani. Ukisikia fyuuu, egesha, angalia hapa. Niliandika mpaka nyuma ya ukurasa. Nilishangaa, kumbe nayajua.

Alisoma pale barabarani, kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa nayo mfukoni, hata matangani alienda nayo!

"Saba kwa kumi."

"Tatu zimeenda wapi, Mwalimu?"

"Zilibaki mlimani siku ile."

Akafungua boneti, akachukua bisibisi akazijaribu klipu zote mwenyewe, moja baada ya nyingine, polepole, ulimi nje. Nikamwambia kuhusu Changamwe. Akarudisha kichwa chini ya boneti. Aliponishusha mlangoni kwetu ndipo aliposema, "Ile ripoti nilikosea. Unafikiri. Ila unaanza na mdomo." Nikamrudishia daftari. Nikanyoosha mkono nipewe bisibisi.

"Hii nabaki nayo."

Akavuka barabara, akaegesha kwake. Injini ikabaki inanguruma. Mama akatoka jikoni akauliza, "Mbona Mwalimu hazimi gari leo? Kwani imeharibika?" Nikamwambia ngoja. Nikahesabu. Dakika moja. Dakika moja na nusu. Nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja, akiniita tu nitoke.

Dakika mbili, ikazima. Mlango ukafungwa. Redio ya sebuleni kwake ikawaka.

Hakuniita.

Begi langu liko mlangoni, nguo tatu na ovaroli. Nilitaka kutoka kwa miezi mitatu, na sasa mlango uko wazi naona kama nimefukuzwa. Jumatatu saa mbili nitakuwa Changamwe, kwa watu wasionijua. Wataniuliza, "Kijana, unajua turbo?"

Je, nitaweza kusema "kidogo"?