Siku Kamba ya Pantoni Ilipomchelewesha Bwana Harusi

Jumatatu asubuhi, Mfungo Mosi.

Mawingu yametanda toka alfajiri lakini mvua haijashuka. Mto umejaa mpaka kwenye mizizi ya mikuyu, na maji yana rangi ya chai ya maziwa. Mikono inaniuma, mgongo unaniuma, na nina furaha ambayo jana wakati kama huu sikuitegemea kabisa.

Jana dada yangu Zuhura aliolewa.

Naandika nikiwa nimekaa juu ya sanduku mlangoni mwa karakana ya kivuko, wenzangu hawajafika bado. Nyumbani Ikwiriri hakuandikiki. Kila chumba kina shangazi aliyelala.

Nianze na kamba. Pantoni yetu inavuka kwa kuishika kamba ya waya iliyofungwa kwenye nguzo ya huku na nguzo ya ng'ambo. Kamba hiyo isipokuwepo, barabara yote ya kusini inaishia hapa majini. Juzi jioni gogo lililong'olewa na mafuriko huko juu, upande wa Mloka, lilishuka na maji likaipiga kamba katikati. Ikakatika, ikazama. Mtu hakuumia, pantoni ilikuwa imefungwa ufukweni kwetu. Ila harusi ilikuwa kesho yake, na bwana harusi anatoka Mohoro, ng'ambo ya mto.

Sasa niseme kweli, maana hapa hasomi mtu. Nilipoambiwa kamba imekatika, nilifurahi.

Haikuwa furaha ya kucheka. Ilikuwa ile ya moyoni, ya mtu aliyepewa udhuru asiouomba. Athumani, huyo bwana harusi, sikumpenda. Ni karani wa ghala la ufuta, suruali yake imepigwa pasi mpaka mkunjo unaweza kukukata. Alipokuja kuposa, mama alipika wali wa nazi na kambare wa kukausha. Athumani akala matonge matatu, akanawa. Maneno aliyosema yalikuwa machache kuliko matonge. Wageni walipoondoka nikamwambia Zuhura, "Huyu mtu ana maringo." Zuhura akanijibu, "Kaka, wewe hata jogoo asiyewika unamwona ana maringo."

Basi jana asubuhi lori lao likatokea ng'ambo limefungwa vitambaa vyekundu. Tulisikia wanawake wanaimba, kisha tukasikia wimbo unakatika walipoona mto mtupu. Mvuvi mmoja akavuka kwa mtumbwi kwenda kumuuliza bwana harusi kama atakuja naye, yeye na mashahidi wake tu, ndoa ifungwe mapema. Akarudi mikono mitupu.

"Amesema haji kwa mtumbwi. Atangoja pantoni."

Nikamgeukia Mbonde, mwenzangu wa karakana. "Umesikia? Anataka avushwe na lori lake kama Gavana."

Mbonde alikuwa ameinama anawasha jenereta.

Waya mpya tulikuwa nao, umeviringwa kwenye gurudumu lake la mbao. Kazi ilikuwa kwenye ncha. Zamani tulikuwa tunakata waya kwa tindo na nyundo, na ukishaukata unafumuka kama ufagio wa chelewa: nyuzi zinachoma viganja, na ukitaka kuupitisha kwenye kapi la nguzoni zinakwama. Siku nzima hupita mnasukuma na kulaani. Mwaka jana ililetwa mashine kutoka Dar es Salaam, ikapitia Kibiti juu ya lori, mafundi watano wakaishusha. Jina lake la kizungu ni refu. Sisi tunaiita Kichongeo.

Kichongeo kina taya mbili za shaba. Unalaza waya humo, unazibana, unavuta mkono wa chuma, na umeme wa jenereta unapita ndani ya waya katikati ya zile taya. Waya unaanza kuwa mwekundu kama kaa. Hapo ndipo penye ufundi. Lazima uzungushe gurudumu la pembeni polepole, waya unajisokota huku unavutika, unakonda, unakonda, mpaka unaachana wenyewe. Unabaki na ncha mbili nyembamba kama mkia wa samaki taa, nyuzi zote zimeungana kuwa kitu kimoja. Ukizungusha upesi mno au moto ukizidi, waya unayeyuka na kuacha kirungu. Na kirungu hakipiti kwenye kapi.

Mimi ndiye ninayeaminiwa kulizungusha gurudumu lile. Nilivaa glavu na miwani nyeusi, Mbonde akashika mkono wa chuma, nikazungusha.

Nikapata kirungu.

Mbonde alikitazama, akanitazama. "Leo una nini?"

Mpaka sasa sijui kama ulikosea mkono au moyo. Tulipima waya uliobaki. Ulitosha kukatwa mara moja tu tena. Tukiharibu, usingefika ng'ambo, na waya mwingine ungekuja baada ya wiki nzima, Mungu akipenda.

Katikati ya hayo ndipo alipoingia shangazi Bi Tatu, ametoka mjini kwa baiskeli ya kubebwa, kanga mbili mpya na jasho usoni. Hakusalimia mashine wala Mbonde.

"Nimetumwa na bibi harusi," akasema. "Amekaa na hina mikononi toka jana, hawezi hata kujikuna. Anasema hivi: mwambie kaka yangu kamba hiyo najua anaiweza. Asipoiweza leo nitajua hataki."

"Kasema hivyo?"

"Kasema hivyo, na analia kidogo. Mimi nimeongeza chumvi hapo penye kulia, lakini kidogo tu."

Mbonde akacheka mpaka akashika meza. Mimi nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena.

Nilitia waya kwenye taya. Safari hii sikumfikiria Athumani. Nilimfikiria Zuhura akiwa mdogo, tulivyokuwa tunafukuza ndege shambani Mahege, yeye na debe lake, sauti imemkauka na bado anapiga. Waya ukawa mwekundu. Nikazungusha, nikazungusha, ukakonda, ukaachana bila hata kishindo. Mbonde akaumwagia maji, mvuke ukapanda. Bi Tatu akaigusa ncha kwa kidole cha mwisho.

"Hii unaweza kushonea gauni," akasema.

Tukafunga kamba nyembamba kwenye ncha ile, na mimi nikapanda mtumbwi na mvuvi wetu kuipeleka kamba ng'ambo, Mbonde akabaki kuufungua waya kwenye gurudumu. Maji yalikuwa na nguvu. Tulitokea mbali chini ya gati lao, ikabidi tutembee kandokando kurudi juu.

Wa kwanza kunilaki alikuwa Athumani. Kanzu nyeupe, koti jeusi, tarbushi. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Shemeji, unisamehe kwa kukataa mtumbwi," akasema. "Njoo umsalimie mama."

Mama yake alikuwa amekalishwa kwenye kiti kivulini mwa lori. Ni mama mtu mzima, miguu imevimba. Nikamshika mkono nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kiboko alitupindulia mtumbwi mimi na marehemu baba yake huyu," akaniambia kwa utulivu, kama anayeeleza njia. "Mimi nikatoka, yeye hakutoka. Tangu hapo mtumbwi siupandi. Nikamwambia Athumani atangulie, akakataa. Anasema harusi bila mimi si harusi."

Maneno yangu ya asubuhi kuhusu Gavana yalinirudi yote mdomoni, nikayameza.

Kuvuta waya wa chuma kuvuka mto uliojaa si kazi ya watu wawili. Maji yanaubeba, unajipinda tumbo kubwa kuelekea baharini, na uzito wote unauhisi mabegani. Nilitazama watu waliokuwepo: wote wamevaa vya harusi. Kabla sijaomba, Athumani alishavua koti na tarbushi, akampa mama yake, akakunja kanzu akaifunga kiunoni na kuingia topeni mpaka mapajani.

"Haya jamani," akawaambia wenzake. "Mke wangu yuko mwisho wa kamba hii."

Wakaingia wote. Wanawake wakauchukua wimbo wao wa kumleta bwana harusi, wakaupunguza mwendo, ukawa wimbo wa kuvutia. Athumani alikuwa mbele yangu. Karani yule hajui kuvuta. Alianguka kifudifudi mara mbili, akainuka amepakaa tope kama kambare, akarudi palepale. Viganja vyake vilichubuka. Sikumsikia akilalamika.

Ncha ilipotoka majini nilipanda nguzoni nikaielekeza kwenye kapi mwenyewe. Nilisema bismillahi. Ikateleza ikapita kama mlenda.

Pantoni ilipotufikia, mama yake alipanda kwa miguu yake, ameshikwa mkono mmoja na mwanawe na mwingine na mimi. Katikati ya mto alifumba macho. Tulipogusa ufukwe wetu akayafumbua, akasema, "Alhamdulillahi, kumbe ni karibu hivi."

Ndoa ilifungwa baada ya alasiri. Athumani alioa akiwa ndani ya kanzu yangu, kwa sababu yake haikuwa tena na rangi ya kuitwa rangi. Yeye ni mrefu, ilimwishia chini kidogo ya magoti, na mwalimu aliyefungisha alilazimika kukohoa mara kadhaa ili asicheke. Mimi nilihudhuria na ovaroli. Zuhura alipotolewa na kumwona mumewe, akanitafuta kwa macho katikati ya watu wote, akanitikisia kichwa. Hivyo tu. Ilinitosha.

Jua lilipokuwa linashuka niliwasindikiza kwenye pantoni. Nikiwa nimesimama na Athumani pembeni mwa lori nikaona nisikae na kitu rohoni.

"Shemeji, jana kamba ilipokatika, mimi nilifurahi."

Akaniinamia sikioni ili mkewe asisikie.

"Hata mimi leo asubuhi nilipofika nikaona kamba hakuna, kwanza nilipumua. Nyumbani kwenu mnaniogopesha. Siku ile ya posa ulinikodolea macho hivi kwamba wali ulikataa kushuka."

Tukacheka mpaka Zuhura akachungulia kutoka kwenye lori kuuliza kuna nini. Hatukumwambia.

Wakashuka ng'ambo, lori likapanda mteremko wa mchanga na kupotea kwenye miti. Nilisimama chini ya nguzo ya ng'ambo nikilisikiliza mpaka mlio ukaisha. Hapo ndipo liliponijia jambo la ajabu. Miaka yote niliyofanya kazi hapa nimevuka mto huu mara nisizoweza kuhesabu, na kila mara nimegeukia kwenye nguzo ile. Barabara inayoendelea nyuma yake nimewavusha wengine waifuate. Mimi sijaikanyaga.

Mama mkwe wa Zuhura aliniambia Mohoro kuna machungwa matamu kuliko ya kwetu. Siamini, lakini itabidi nikahakikishe.

Mbonde huyo anakuja, nasikia anapiga mluzi. Nitamwomba Ijumaa anishikie zamu.