Ndoto za Maziwa ya Mama Boke

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Chai imefura ikamwagikia jiko. Mama amenigombeza. Sawa, nilikuwa mbali kimawazo. Maziwa ya Mama Boke hunifanya hivyo, yananukia moshi na majani. Huyaleta kutoka upande wa Kehancha, kwao Wakuria, hasemi sana, na kipimo chake huzidi kidogo. Bila yeye hoteli yetu hapa Migori inauza maji ya moto.

Jumatano, 6 Agosti
Mazoezi ya kwaya. Jambo jipya: eti Mama Boke, yule Mkuria asiyesali kanisani kwetu, ameyanuizia maziwa. Ukinywa unaota ng'ombe weupe wakivuka mto. Ukiota, roho yako imeshaingia zizini kwao. Ochieng' wa besi ameota. Mwaka wa kura, kila mgeni ana kosa. Nimecheka peke yangu.

Alhamisi, 7 Agosti
Wateja wote wanataka strungi, chai bila maziwa. Sokoni wanajua, stendi wanajua. Mama Boke amerudi kwao na dumu zima, bila kuuza. Amemwambia Mama wiki ikiisha hivi, hatakuja tena. Nimekasirika.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeota ng'ombe.
Weupe, wengi, wanavuka mto kimyakimya, na maji hayatikisiki. Mmoja aliniangalia kama ananijua. Nikisema, mama wa watu amekwisha. Nisiposema, na roho yangu je? Naogopa. Leo nami nimekunywa strungi.

Jumamosi, 9 Agosti
Baada ya ibada ya Sabato, Akinyi wa kwaya amesimulia ndoto yake. Ng'ombe weupe, mto uleule. Wote: "Si mnaona!" Nikamuuliza alikunywa maziwa lini.
"Mimi? Maziwa inaniumiza tumbo toka utoto. Hata sijaonja."
Nikasema nami nimeota, lakini baada ya kusikia, si kabla. Miaka nimeyanywa bila ndoto. Ochieng' akasema labda Akinyi alipita karibu na dumu. Wachache wamecheka. Ochieng' mwenyewe hakucheka. Naye, kama alivyotusimulia Jumatano, alisikia habari kwanza kwa binamu yake, kisha akaota.

Jumapili, 10 Agosti
Nimesimama mlangoni, nimekunywa kikombe kizima cha maziwa mbele ya stendi yote. Mama Boke ameniangalia tu. Ochieng' amepita upande wa pili wa barabara. Wateja wawili wameomba chai ya maziwa.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimewaota ng'ombe tena. Sikuamka. Walikunywa mtoni, nami nilikaa kwenye nyasi nikiwatazama, sina haraka. Asubuhi nimebandika sufuria, nikangoja.
Mama Boke amekuja. Dumu ni nusu, lakini amekuja.